Kabla Hujaajiri, Hesabu Maswali Unayoulizwa

Karakana ya ushonaji ikianza kupata oda nyingi, jambo la kwanza linalomjia mwenye nayo ni kuongeza mafundi. Cherehani zinanunuliwa, mafundi wanakuja, na baada ya muda mfupi mwenye karakana anajikuta anachelewa kulala kuliko zamani. Mafundi wote wapya wanamsubiri yeye. Kola hii ikatwe upana gani? Mteja kaleta kianzio nusu, tumpokee? Uzi wa rangi hii umeisha, tuweke upi? Kazi imeondoka kwenye cherehani ikaja kupanga foleni mezani kwake.

Naendesha karakana ya sare: za shule, za zahanati, za walinzi. Mifano yangu yote itanuka kitambaa na mafuta ya cherehani. Wewe unayeuza vipuri au kutengeneza tovuti, badilisha majina ya vitu tu, mambo mengine ni yale yale. Na hoja yangu ni moja: biashara haikui kwa kuongeza mikono inayosubiri kichwa kimoja. Inakua pale watu wengine wanapokuwa na ruhusa ya kuamua. Kwa hiyo kabla ya kutafuta mtu, jua kwanza ni maamuzi gani uko tayari kuyaachia.

Daftari la maswali

Weka daftari dogo mfukoni kwa wiki nzima. Kila anayekuuliza kitu, andika swali lake na jina lake. Usichague maswali. Hata "bosi, mkasi mkubwa uko wapi" liandike, maana mtu anayekuuliza mkasi uko wapi mara tatu kwa siku anakuambia jambo kuhusu stoo yako. Mwisho wa wiki kaa chini uyagawe. Utaona yanaangukia kwenye mafungu manne.

Fungu la kwanza ni maswali ambayo jibu lake halibadiliki. Suruali ya mtoto iachiwe pindo la kiasi gani ili ikirefushwa mwakani itoshe? Mfuko wa shati la mlinzi ukae sentimita ngapi kutoka begani? Ukijibu swali la namna hii kwa mdomo mara ya pili, umeanza kujitengenezea utumwa. Andika jibu, lichape kwa herufi kubwa, libandike mahali kazi inapofanyika. Siyo kwenye faili la ofisini. Ukutani, usawa wa macho ya anayekata.

Fungu la pili ni maswali ambayo jibu linategemea kiasi, na hapa ndipo kukabidhi kazi kunapofaulu au kufeli. Punguzo, kurudia nguo iliyoharibika, kununua vifaa vilivyopungua, kumwongezea mteja siku. Swali kama hili halihitaji wewe, linahitaji mpaka. Kwangu msimamizi anaweza kurudia nguo bila kuniuliza ilimradi kitambaa kisizidi mita 2. Anaweza kutoa punguzo la asilimia 5 kwa oda ya nguo 50 na kuendelea. Ikizidi hapo, anipigie. Namba zako zitakuwa nyingine, lakini ziwe namba. "Tumia busara" siyo mpaka. Ukimwambia mtu atumie busara, halafu ukamgombeza kwa busara aliyotumia, atarudi kukuuliza kila kitu, na atakuwa amefanya sawa kabisa.

Ushauri huu ni wa kale. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 18, Yethro anamkuta mkwewe Musa ameketi kuanzia asubuhi hadi jioni akiamua mashauri ya watu huku umati umemzunguka. Hakumwambia atafute wasaidizi wa kupanga foleni. Alimwambia achague watu wenye uwezo, waaminifu, wanaochukia rushwa, awaweke juu ya maelfu, mamia, hamsini na makumi. Mambo madogo waamue wenyewe, makubwa wamletee. Wengi tunakumbuka kugawa watu katika makundi. Tunausahau ule mstari kati ya dogo na kubwa, na bila mstari huo makundi hayasaidii kitu.

Fungu la tatu ni maswali yanayohitaji jicho. Je, kitambaa hiki kilicholetwa leo kina rangi sawa na kile cha mwezi uliopita? Majora mawili ya rangi moja yanaweza kupishana kidogo, na ukikata mgongo kwenye jora hili na mikono kwenye lile, mteja ataliona koti lenye vivuli viwili mara tu akitoka nje juani. Jibu la swali hili haliwezi kubandikwa ukutani peke yake. Inabidi umchukue mtu, mtoke naye nje mchana, mweke vipande viwili sambamba, maana chini ya taa vinaweza kudanganya. Mwache aseme yeye kwanza, kisha wewe ndiyo useme. Mkipatana mara kadhaa mfululizo, kazi ya kupokea vitambaa ni yake. Muhimu ni hapo aseme yeye kwanza. Ukianza kusema wewe, hujui kama ana jicho au ana adabu.

Fungu la nne ni yale ya kwako kweli: kukubali oda itakayoshika karakana miezi miwili, kukopa, kuajiri na kuachisha, bei ya bidhaa mpya. Fungu hili huwa dogo kuliko tulivyodhani, na inauma kidogo kugundua hivyo.

Unamhitaji nani?

Daftari lile lile litakuambia. Kama maswali mengi yanatoka mapokezi, kuongeza fundi hakutasaidia. Unahitaji mtu wa kuzungumza na wateja na kufuatilia tarehe. Kama mafundi wanakaa wakisubiri vipande, unahitaji mkataji. Naona karakana nyingi zinalalamika hazina washonaji wakati kinachokosekana ni mkataji mmoja mzuri na mpiga pasi anayekagua.

Na usiajiri ukiwa umebanwa na oda ya wiki ijayo. Mgeni anakula muda wa wenyeji kabla hajaongeza chochote. Frederick Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa programu za kompyuta pale IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi. Sababu moja ni ya hesabu tu: watu 4 wanaunda jozi 6 za kuelewana, watu 10 wanaunda jozi 45. Kila jozi ni mahali ambapo habari inaweza kupotea. Oda ikikubana, omba siku kwa mteja au igawane na karakana nyingine. Ajiri wakati umetulia.

Kabla ya tangazo, andika ukurasa mmoja: mtu huyu atafanya nini kila siku, ataamua nini bila kuuliza baada ya miezi mitatu, na tutajuaje kwamba anafanya vizuri. Ukishindwa kuujaza, bado hujui unamtafuta nani. Maneno kama "mchapakazi, mwaminifu, anayejituma" yaache. Hakuna anayesoma tangazo akasema, aa, hii hainihusu, mimi ni mvivu.

Kuhusu mahali pa kumpata: anza kuuliza wafanyakazi ulionao, ila wazuri tu, kwa sababu watu humleta mtu anayefanana nao. Uliza wauza vitambaa na vifungo. Wao wanajua fundi yupi anarudisha kilichozidi na yupi anakwepa madeni. Walimu wa vyuo vya ufundi wanajua mwanafunzi aliyekuwa anabaki baada ya kengele. Ndugu nao waje, simkatazi mtu ndugu yake, lakini wapite jaribio lile lile na wasiwe chini yako moja kwa moja. Wawe chini ya msimamizi ambaye ana ruhusa ya kuwarudisha nyumbani. Kama huwezi kumpa ruhusa hiyo, usimwajiri ndugu.

Jaribio lenye kasoro ndani yake

Mwaka 1998 watafiti wawili wa Marekani, Frank Schmidt na John Hunter, walikusanya matokeo ya miaka 85 ya utafiti kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi. Kumpa mtu sampuli ya kazi yenyewe na kumfanyia usaili wenye maswali yaliyopangwa kulitabiri utendaji wake vizuri kuliko usaili wa kupiga soga, na mbali sana kuliko kuhesabu miaka ya uzoefu. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walizipitia upya hesabu za namna hiyo. Namba nyingi zilishuka, lakini usaili uliopangwa ukapanda hadi juu ya orodha. Mtaani bado tunaanza na "una uzoefu wa miaka mingapi?" Mtu anaweza kuwa na miaka kumi ya kurudia kosa la mwaka wa kwanza.

Hivi ndivyo ninavyofanya kwa mshonaji. Nampa vipande vya shati vilivyokwisha kukatwa pamoja na karatasi ya oda yenye vipimo. Mkono mmoja nimeukata mfupi kwa sentimita 2 makusudi. Simwambii. Namwonyesha cherehani, uzi, pasi, namwambia akihitaji kitu niko pale mezani, kisha naendelea na shughuli zangu.

Wapo wanaoshona hadi mwisho bila kuona. Shati linakuja limepigwa pasi vizuri, mikono haifanani. Wapo wanaoona, wakanyamaza, wakaupunguza na ule mwingine ili ilingane. Hawa ni hodari wa mikono na ndio wanaonitia hofu zaidi, kwa sababu siku moja watalinganisha mashati 200 kwa utaratibu huo huo bila mtu kujua. Halafu yuko yule anayepima kipande kabla hajashona, anarudi kwenye karatasi, anapima tena, anakuja na vyote viwili mkononi: "Samahani, hiki na karatasi havipatani. Nifuate kipi?" Huyo namchukua hata kama mshono wake unayumba kidogo kwenye kona ya kola. Kona ya kola inafundishika.

Kasoro ya kutega ipo katika kila kazi. Mtu wa mapokezi mpe ujumbe wa mteja aliyekasirika, wenye tarehe isiyolingana na risiti. Mtu wa hesabu mpe risiti ambazo jumla yake haitimii. Muda wake umlipe, hata usipomwajiri. Na jaribio lisizidi nusu siku, vinginevyo unafanyisha watu kazi ya bure kwa jina la usaili.

Maswali ya mdomo yawe yale yale kwa kila mtu, kwa mpangilio ule ule, na umpe alama pale pale kabla hujazungumza na mwenzako. Uliza yaliyokwisha kutokea, maana mtu akiulizwa "ungefanyaje" anajibu vizuri kama mhubiri. Ninalolipenda kuliko yote: "Nieleze kazi uliyoiharibu. Nani alikuwa wa kwanza kujua?" Anayesema "mimi, nikaenda kumwambia bosi" amejibu maswali matano kwa mpigo. Anayesema hajawahi kuharibu kazi, mshukuru kwa kuja.

Halafu piga simu kwa waliowahi kufanya naye kazi. Usiulize "ni mtu mzuri?" kwa sababu wote watasema ni mtu mzuri. Uliza, "Ulipokuwa haupo, ni kitu gani alichokuwa anakifanya ambacho hukuwa na wasiwasi nacho? Na kipi ulikuwa lazima ukipitie tena?" Kisha: "Ungepata nafasi, ungemchukua tena?" Sikiliza jibu linachukua muda gani kutoka.

Mkataba uandikwe, wenye muda wa majaribio, na sheria ya kazi ya nchi yako uisome au umlipe anayeijua.

Kukabidhi, hatua kwa hatua

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mfanyakazi mpya vivyo hivyo. Kamba hiyo usiikate siku ya kwanza, na usiisahau mguuni mwake mwaka mzima. Kwanza aangalie unavyofanya. Kisha afanye wewe ukiangalia, umefunga mdomo. Kisha afanye peke yake akuonyeshe kabla kazi haijatoka. Kisha afanye, akuambie baadaye. Mwisho afanye, na wewe uone kwenye namba za wiki tu: nguo zilizotoka, zilizorudi, oda zilizochelewa. Mwambie waziwazi yuko hatua ipi kwa kila kazi, maana anaweza kuwa hatua ya mwisho kwenye kukata na ya pili kwenye kupanga bei. Ugomvi mwingi wa bosi na msimamizi wake ni huu: mmoja anadhani wako hatua ya tatu, mwenzake anadhani ya tano.

Kazi yenyewe unaikabidhi vipi? Sikiliza tofauti. Wa kwanza anasema, "Shughulikia ile oda ya zahanati." Wa pili anasema:

"Oda ya zahanati ni makoti 40, yakabidhiwe Alhamisi kabla ya saa sita mchana. Kitambaa kiko stoo, jora lenye alama nyekundu. Usichanganye na lingine. Mafundi wawili wa cherehani za dirishani ni wako mpaka siku hiyo, mtu asiwahamishe. Vifungo vikipungua nunua mwenyewe kwa fedha za matumizi madogo. Jumatatu jioni makoti 20 yawe yamepigwa pasi. Yakiwa pungufu ya 15, nipigie siku hiyo hiyo, usisubiri Jumanne."

Hapo kuna matokeo, siku, vifaa, watu, fedha, na kengele ya hatari. Hiyo kengele ndiyo inayosahaulika. Watu hawachelewi kutoa habari mbaya kwa sababu ni waongo. Wanachelewa kwa sababu hawajui habari imeanza kuwa mbaya saa ngapi. Ukiwapa namba, wanapiga simu bila aibu. Na wakipiga, pokea habari kwa utulivu. Ukifoka mara moja, simu inayofuata itakuja Alhamisi saa tano na nusu.

Mwambie naye akurudishie maelezo kwa maneno yake. Usimuulize "umeelewa?" Jibu lake unalijua.

Kutakuwa na siku atakuja na tatizo, akulazie mezani kazi uliyompa. Hapo ndipo wengi tunapoinyakua: "Hebu lete." Usiinyakue. Muulize, "Wewe umefikiria tufanyeje?" Kama hajafikiria, aende akafikirie arudi na njia mbili. Kama amefikiria vizuri kuliko wewe, na itatokea, mwambie afanye hivyo na umshukuru mbele za watu. Mteja wa zamani anayekupigia wewe moja kwa moja naye umrudishe: "Oda yako anayo fulani, anakupigia sasa hivi." Ukiitatua mwenyewe kwa sababu ni dakika mbili tu, umemvua msimamizi wako nguo mbele ya mteja.

Na kubali afanye kwa njia yake. Mimi huanza na kola, msimamizi wangu huanza na mikono. Ninaona ananikera, lakini mashati yanatoka sawa, kwa hiyo nanyamaza. Nguo ikiwa na kasoro, usiifumue wewe. Mrudishie aliyeishona na umwonyeshe kwa kidole mahali palipokosewa. Fundi ambaye bosi humfumulia na kumshonea upya usiku anapata elimu moja tu, kwamba kasoro zina mtu wake.

Fedha na malipo

Mtu mmoja asipokee oda, akapokea fedha, na akaandika daftari la mapato. Gawa kazi hizo kwa watu wawili, hata karakana ikiwa ndogo, hata kama mmoja wao ni wewe mwenyewe. Anayekasirika kwa utaratibu huu mweleze kwamba siku fedha zikipungua, utaratibu ndio utakaomwokoa asiye na kosa.

Malipo kwa kila kipande yana kasi, lakini yanaleta nyuzi zinazoning'inia na vifungo vinavyodondoka. Nikilipa kwa kipande, nalipa kilichopita kwa mkaguzi, na mkaguzi mwenyewe analipwa mshahara wa mwezi ili asiwe na haraka ya kupitisha. Anayefundisha wageni alipwe siku zake za kufundisha. Usipomlipa, kila dakika anayomwelekeza mgeni anaihesabu kama hasara, na mgeni atafundishwa kwa kufokewa.

Ukimwongezea mtu maamuzi yaliyokuwa yako, mwongezee na mshahara mwezi ule ule. Ukichelewesha, jirani yako mwenye karakana hatachelewesha.

Kuna atakayekushinda. Kama hajui, mfundishe tena na umpe tarehe. Kama anajua na hafanyi, mwambie faraghani kwa mifano yenye siku na nguo yenyewe mezani, uandike mlichokubaliana, naye asaini. Isipobadilika kabla muda wa majaribio haujaisha, achaneni. Ukisubiri, wale wanaofanya kazi vizuri ndio wanaoanza kutafuta kwingine. Siku ya mwisho mlipe stahiki zake zote, pokea funguo na simu ya ofisi, badilisha nywila, na siku hiyo hiyo wapigie wateja aliokuwa akiwahudumia uwaambie wampigie nani sasa.